Duke Kahanamoku: bingwa wa Olimpiki aliyeokoa watu 8 kwa ubao wake

BUNAGANA – Hapa Bunagana, kwenye mpaka wa Kongo na Uganda, maji makubwa yako mbali. Watoto wanakua kati ya vilima, mashamba ya maharagwe na barabara ya malori yanayotoka Kisoro. Lakini bidhaa zinazopita hapa zinashuka Rutshuru, zinafika Goma, na sehemu yake inapakiwa ndani ya mashua kwenda Idjwi, Minova na Bukavu. Familia nyingi za wachuuzi zina baba, mama au mtoto anayevuka ziwa Kivu juu ya kazi. Na wengi wanaopanda mashua hizo hawajui kuogelea.

Ndiyo sababu tunasimulia maisha ya mtu aliyezaliwa mbali sana na sisi, na aliyekufa zaidi ya miaka 50 iliyopita. Jina lake ni Duke Kahanamoku, mwogeleaji kutoka visiwa vya Hawaii, katikati ya bahari ya Pasifiki. Kati ya mwaka wa 1912 na 1924 alipata medali 5 za Michezo ya Olimpiki: 3 za dhahabu na 2 za fedha. Alivunja rekodi za dunia mara nyingi, na jina lake likajulikana toka Ulaya mpaka Australia.

Lakini kazi kubwa kuliko zote aliyoifanya ndani ya maji haikupimwa kwa saa wala kulipwa kwa medali. Aliifanya asubuhi ya tarehe 14 mwezi wa sita 1925, wakati mashua ya wavuvi ilipopinduka karibu na pwani aliyokuwa amelala.

Mtoto wa ufalme ulioangushwa

Duke Paoa Kahanamoku alizaliwa Honolulu tarehe 24 mwezi wa nane 1890. Kwa Kiingereza, neno Duke ni cheo cha mkubwa wa ukoo wa kifalme. Kwake lilikuwa jina tu. Baba yake ndiye aliyepewa jina hilo kwanza, kwa kumbukumbu ya mwana wa malkia wa Uingereza aliyetembelea Hawaii mwaka wa 1869. Mtoto wa kwanza akarithi jina la baba, na maisha yake yote kuna wageni waliodhani anatoka nyumba ya mfalme.

Wakati alipozaliwa, Hawaii ilikuwa bado ufalme wenye mfalme wake, bendera yake na lugha yake. Mwezi wa kwanza 1893, matajiri na wenye mashamba makubwa ya miwa, wengi wao wenye asili ya Marekani, walimwangusha malkia Liliuokalani huku askari wa meli ya kivita ya Marekani wakiwa wameshuka mjini. Mwaka wa 1898 Marekani ikavichukua visiwa hivyo. Kwa hiyo Duke alikuwa mtoto wa miaka 2 wakati ufalme ulipoangushwa, na alikuwa anakaribia miaka 8 wakati bendera ilipobadilishwa. Watu wa mpakani kama sisi hawahitaji kuelezwa sana namna wakubwa wanavyoweza kubadilika wakati mama wa nyumbani bado anatafuta chakula cha jioni.

Baba yake alikuwa mfanyakazi wa polisi. Nyumbani walikuwa watoto 9, wavulana 6 na wasichana 3. Familia iliishi upande wa Waikiki. Leo Waikiki ni mtaa wa hoteli ndefu zinazojaa watalii, lakini wakati ule ilikuwa sehemu ya mashamba ya magimbi, mabwawa ya samaki na nyumba za kawaida karibu na pwani. Bahari ilikuwa uwanja wa michezo wa watoto, njia ya kwenda kuvua na mahali pa kuoga.

Duke hakumaliza masomo ya sekondari. Alifanya vibarua bandarini. Meli za wasafiri zilipofika, yeye na vijana wenzake walipiga mbizi kutafuta sarafu ambazo abiria walikuwa wakizitupa majini kwa kujifurahisha. Saa nyingine alikuwa juu ya ubao wake, akiteleza juu ya mawimbi, mchezo ambao wazee wa Hawaii waliucheza kwa karne nyingi, na ambao wamisionari wa karne ya 19 hawakuupenda. Mbao za wakati ule zilikuwa nzito kwelikweli. Ubao mmoja aliokuwa nao baadaye ulikuwa na urefu wa karibu mita 5 na uzito wa zaidi ya kilo 50, sawa na mfuko wa simenti.

Maisha hayo ndiyo yaliyomjenga mabega na miguu. Hakuwa na mwalimu wa kulipwa wala bwawa lenye vigae. Aliogelea kama wazee wake walivyoogelea: mikono ikivuta maji kwa zamu, na miguu ikipiga juu na chini kwa haraka bila kupumzika. Waogeleaji wengi wa Marekani na Ulaya walikuwa bado wanafungua na kufunga miguu kama mkasi. Pigo la miguu la Duke lilikuwa kama injini ndogo nyuma ya pirogi, na baadaye makocha wa nchi nyingi waliliiga.

Rekodi ambayo haikukubaliwa

Tarehe 11 mwezi wa nane 1911, mashindano ya kwanza ya kuogelea yaliyosimamiwa na shirikisho la michezo la Marekani yalifanyika Honolulu. Hakukuwa na bwawa. Waogeleaji walipiga mbio ndani ya maji ya chumvi ya bandari, kati ya magati ya meli.

Duke, mwenye miaka karibu 21, aliingia katika mbio za yadi 100, ambazo ni kama mita 91. Alimaliza kwa sekunde 55.4. Aliipita rekodi iliyokuwepo kwa zaidi ya sekunde 4, na katika mbio fupi kama hizo watu hupigania sehemu ndogo ya sekunde moja. Waamuzi wenyewe hawakuamini. Wakapima tena urefu wa njia. Ulikuwa sawa.

Habari ilipofika kwenye makao ya shirikisho, upande wa pili wa bahari, wakubwa walikataa kuiandika rekodi hiyo. Walisema labda mkondo wa maji ulimsukuma. Wengine wakafanya mzaha kwamba huko Hawaii watu wanapima mbio kwa saa ya kuamsha usingizini. Kijana asiyejulikana, kutoka kisiwa wasichokijua, hakuweza kuwa mwogeleaji wa kasi kuliko wote.

Wakaaji wa Honolulu hawakubaki kulalamika. Walichanga pesa ili Duke avuke bahari akaogelee mbele ya macho ya haohao waliokataa. Mwanzoni mwa mwaka wa 1912 akapanda meli, kisha treni. Huko alikuta baridi ambayo hakuwahi kuionja, na mabwawa yenye kuta ambamo mwogeleaji anapaswa kugeuka kila anapofika mwisho. Hakuwa amezoea kugeuka. Katika moja ya mbio za mwanzo misuli ilimkakamaa na akashindwa. Lakini alijifunza haraka, akaanza kushinda, na kabla ya katikati ya mwaka alikuwa amepata nafasi katika timu ya Marekani inayokwenda kwenye Olimpiki.

Stockholm, na mpinzani mwenye moyo safi

Michezo ya mwaka wa 1912 ilifanyika Stockholm, mji mkuu wa Uswidi. Mbio za kuogelea zilifanyika ndani ya ghuba ya bahari iliyozungushiwa majukwaa. Kwa waogeleaji waliozoea mabwawa, maji yale yalikuwa magumu. Kwa Duke yalifanana na nyumbani, isipokuwa baridi yake.

Katika mbio za mita 100 za mtindo huru, kidogo tu safari yake iishie njiani. Kwa kutoelewana juu ya ratiba, Duke na Wamarekani wenzake hawakufika kwenye nusu fainali. Kufuatana na kanuni, walikuwa wametolewa. Fainali ingefanyika bila wao.

Aliyewatetea ni mtu ambaye angefaidika kama wangebaki nje. Cecil Healy, mwogeleaji wa Australia, alikuwa mmoja wa waliokuwa na nafasi kubwa ya kushinda. Yeye na viongozi wa timu yake waliomba Wamarekani wapewe nusu fainali yao ya pekee, kwa sababu ushindi dhidi ya watu waliokosa mbio kwa makosa ya ratiba usingekuwa na maana. Waandaaji wakakubali. Duke akaogelea kwa dakika 1 na sekunde 2.4. Kisha kwenye fainali akashinda dhahabu, na Healy akawa wa pili. Katika mbio za kupokezana za mara 4 mita 200, timu ya Healy ilishinda dhahabu, na timu ya Duke ikapata fedha.

Healy alikufa vitani Ufaransa mwezi wa nane 1918, karibu na mto Somme. Jina lake halijulikani sana nje ya Australia. Lakini bila yeye, huenda dunia isingemjua Duke Kahanamoku mwaka ule.

Duke alirudi Honolulu akiwa bingwa wa dunia. Shirikisho lililokataa rekodi ya bandarini halikuwa na la kusema tena juu ya saa za Hawaii.

Ubao mmoja Australia

Mwisho wa mwaka wa 1914, Duke alialikwa Australia kuogelea. Huko watu waliijua bahari, lakini wachache sana walikuwa wamemwona mtu amesimama wima juu ya wimbi. Duke hakuwa amebeba ubao. Akachukua mbao ya msonobari na kuchonga wa kwake. Kisha, kwenye pwani ya Freshwater karibu na Sydney, akaonyesha mchezo wa kwao mbele ya umati. Ubao huo bado umehifadhiwa kwenye chama cha waokoaji wa pwani hiyo, na Waaustralia wengi wanahesabu siku hizo kama mwanzo wa mchezo ambao leo ni sehemu ya maisha yao.

Ilikuwa pia safari ya mbio. Mwanzoni mwa 1915, mjini Sydney, aliogelea yadi 100 kwa sekunde 53.8, rekodi nyingine.

Alikuwa na miaka 24, umri ambao mwogeleaji ana nguvu zote. Lakini Michezo ya mwaka wa 1916, iliyopangwa kufanyika Berlin, ilifutwa juu ya vita ya kwanza ya dunia. Kutoka Stockholm mpaka Olimpiki iliyofuata, Duke alisubiri miaka 8.

Antwerp: siku ya kuzaliwa ndani ya maji baridi

Olimpiki iliyofuata ilifanyika mwaka wa 1920 Antwerp, Ubelgiji. Wakongomani wazee wanalifahamu jina la mji huo. Ni bandari ambako meli za Kongo zilikuwa zikifikisha mpira, pembe za ndovu na mawese wakati wa ukoloni. Mwaka ule, hakuna Mkongomani aliyeingia kwenye michezo hiyo kwa jina la nchi yake. Kongo ilipeleka wanamichezo wake wa kwanza kwenye Olimpiki mwaka wa 1968 tu, mjini Mexico, nao walikuwa waendesha baiskeli.

Mabwawa ya kisasa hayakuwepo Antwerp. Waogeleaji waliingia ndani ya maji meusi na ya baridi kali, na wengi walitoka wakitetemeka. Tarehe 24 mwezi wa nane, siku alipofikisha miaka 30, Duke alishinda fainali ya mita 100 kwa dakika 1 na sekunde 0.4, rekodi mpya ya dunia. Mwogeleaji mmoja wa Australia alilalamika kwamba alizuiwa njiani, na waamuzi wakaamuru fainali irudiwe. Siku chache baadaye wakaingia tena. Duke akashinda tena. Wa pili na wa tatu, Pua Kealoha na William Harris, nao walitoka Hawaii. Visiwa vidogo ambavyo saa zake zilichekwa miaka 9 nyuma vilichukua dhahabu, fedha na shaba. Duke akaongeza dhahabu ya mbio za kupokezana.

Miaka 4 baadaye, Paris, alikuwa anakaribia miaka 34. Pembeni yake alisimama kijana wa miaka 20, Johnny Weissmuller, mtu wa kwanza kuogelea mita 100 chini ya dakika moja, aliyekuwa amekwisha kuvunja rekodi ya Duke. Weissmuller alishinda, Duke akapata fedha, na mdogo wake Sam Kahanamoku akapata shaba. Huyo Weissmuller ndiye wazazi wetu walimwona kwenye sinema akiruka kutoka mti mmoja mpaka mwingine kwa jina la Tarzan, katika filamu iliyotoka 1932, akijifanya mtu wa msitu wa Afrika wakati kazi ilifanyika Marekani.

Medali hazikulipa

Msomaji wa leo, aliyezoea kusikia pesa za wachezaji wa mpira, anaweza kudhani Duke alikuwa tajiri. Hapana. Kanuni za wakati ule zilikataza mwanamichezo wa Olimpiki kulipwa kwa mchezo wake. Aliyepokea pesa alifukuzwa, hata kunyang'anywa medali. Ilimpata Jim Thorpe, bingwa wa mbio na miruko wa mwaka wa 1912, aliyenyang'anywa medali zake juu ya pesa kidogo alizolipwa zamani kwa kucheza mpira wa kigongo.

Kwa hiyo Duke alikuwa bingwa wa dunia asiye na kazi ya kudumu. Miaka ya 1920 alihamia California kutafuta maisha. Akapata nafasi ndogo ndogo kwenye filamu za Hollywood. Alipewa kuigiza watemi wa visiwa, mabaharia na watu wa mataifa ya mbali, lakini si mtu mkuu wa filamu. Ngozi yake ilikuwa nyeusi kuliko walivyotaka. Ilitokea pia akakataliwa chakula kwenye mgahawa, mtu yuleyule ambaye umati ulimshangilia kwenye bwawa. Wanaomfahamu walisimulia kwamba hakuwa mtu wa kugombana. Aliondoka, akarudi majini.

Asubuhi ya Newport

Mwezi wa sita 1925, Duke na marafiki zake walikuwa wamepiga kambi kwenye pwani ya Corona del Mar, karibu na Newport, kusini mwa California. Walikuja kuteleza juu ya mawimbi. Asubuhi ya tarehe 14, mawimbi yalikuwa makubwa kupita kiasi, hata kwao.

Mashua ya wavuvi iliyoitwa Thelma, ikiwa imebeba watu waliokodi safari ya kuvua samaki, ilijaribu kuvuka mlango wa bandari. Wimbi likaipiga, kisha lingine. Mashua ikapinduka na abiria wakatupwa majini wakiwa na nguo na viatu vyao.

Duke hakuwa na jile ya kuokolea, kamba wala boti yenye injini. Alikuwa na ubao wake. Akaingia nao majini, akalala juu yake na kupiga kasia kwa mikono, akipita chini ya mawimbi mpaka alipofika kwa wale waliokuwa wanazama. Akawashikisha ubao, akawavuta juu yake, akarudi nao pwani. Akarudi tena. Akarudi tena. Mwishowe alikuwa ameokoa watu 8. Marafiki zake waliokoa 4. Wengine walikufa kabla ya kufikiwa.

Inafaa kuelewa kwa nini ubao ulifanya kazi hiyo. Mtu anayezama hana akili ya kutulia. Anashika chochote kilicho karibu, na kama kilicho karibu ni shingo ya mwokoaji, wote wawili wanashuka. Ndiyo sababu hata wanaojua kuogelea vizuri wanakufa wakijaribu kumwokoa ndugu au rafiki. Kitu kinachoelea, kikiwekwa kati ya mwokoaji na anayezama, kinampa yule mtu pa kushika, na kinambakizia mwokoaji mikono yake. Baada ya ajali ya Newport, waokoaji wa pwani za Marekani walizidi kuweka ubao kati ya vyombo vyao vya kazi. Mpaka leo ubao wa uokoaji unakaa tayari kwenye pwani nyingi za dunia.

Duke mwenyewe hakupenda kuizungumzia sana siku hiyo. Pwani ilipotulia, aliondoka bila kungoja sifa.

Sherifu wa Honolulu

Baadaye alirudi Hawaii. Kulikuwa na kipindi ambapo bingwa wa Olimpiki alikuwa akitunza jengo la manispaa ya Honolulu, na baadaye akauza mafuta ya magari kwenye kituo cha petroli. Wapo walioona ni aibu kwa mji wao kumwacha mtu kama yule afanye kazi hizo. Yeye aliendelea na kazi.

Mwaka wa 1934 aligombea kiti cha sherifu wa Honolulu na akachaguliwa. Wananchi wakamchagua tena na tena, mara 13 kwa jumla, mpaka cheo hicho kilipoondolewa katika mpango mpya wa serikali ya mji mwanzoni mwa miaka ya 1960. Tangu hapo mji ulimpa kazi ya kupokea wageni wakubwa waliokuja Hawaii. Mwaka wa 1940, akiwa na miaka karibu 50, alifunga ndoa na Nadine Alexander, mwalimu wa dansi. Hawakupata watoto.

Mwaka wa 1959 Hawaii ikawa jimbo la 50 la Marekani. Mtoto aliyezaliwa chini ya mfalme alikuwa sasa mzee anayekaribia miaka 69, na alikuwa ameishi chini ya ufalme, jamhuri fupi ya walioangusha ufalme, koloni na jimbo. Katika mabadiliko yote hayo alikaa karibu na maji yaleyale ya Waikiki.

Alikufa kwa ugonjwa wa moyo tarehe 22 mwezi wa kwanza 1968, kwenye klabu ya mashua ya Waikiki. Alikuwa na miaka 77. Mitumbwi ilipanga msafara na kupeleka majivu yake baharini, mbele ya umati uliosimama kwenye mchanga. Mwaka wa 1990 sanamu yake ya shaba iliwekwa Waikiki, mikono ikiwa wazi kama mtu anayepokea mgeni, na wapita njia wanaivisha mashada ya maua. Wako wazee waliolalamika kwamba sanamu imeipa bahari mgongo. Walisema Duke asingefanya hivyo, kwa sababu mtu wa majini haigeuzii bahari mgongo.

Jambo moja alilolitamani hakuliona: mchezo wa kuteleza juu ya mawimbi kuingia kwenye Olimpiki. Uliingia Japani mwaka wa 2021, miaka 53 baada ya kifo chake. Medali ya dhahabu ya wanawake ilichukuliwa na Carissa Moore, mzaliwa wa Honolulu.

Ziwa letu

Tarehe 3 mwezi wa kumi 2024, mashua iliyotoka Minova ilizama karibu na bandari ya Kituku, Goma, ikiwa imebaki hatua chache tu ifike. Ilikuwa imejaa kupita kiasi. Wengi walikuwa wamepanda maji kwa sababu vita ilikuwa imefunga barabara ya Sake. Watu waliokuwa wakingoja ndugu zao kwenye ufuko waliwaona wakizama mbele ya macho yao. Umbali ule, kwa mtu anayejua kuogelea, au kwa mtu aliye na kitu cha kushika, si umbali wa kufa.

Haitoshi kusema ni mapenzi ya Mungu. Kuna mambo ambayo wakubwa wanapaswa kuyafanya: kuhesabu abiria, kuzuia mashua isiyo na jile kwa kila mtu, kusimamisha safari wakati upepo unapovuma. Hayo tunayadai na tutaendelea kuyadai. Lakini kuna mambo ambayo hayangoji serikali. Mtoto wa Kituku, wa Idjwi au wa Minova anaweza kufundishwa kuogelea na kaka yake, karibu na ufuko, mahali pasipo na kina. Ziwa Kivu halina mamba wa kuogopesha watoto, ingawa lazima wenyeji waonyeshe sehemu zenye gesi ya mazuku. Bidoni tupu iliyofungwa mfuniko vizuri, yenye kamba ya kuishika, inaelea na inaweza kumbeba mtu mzima mpaka asaidiwe. Mchuuzi anayekwenda Bukavu anaweza kubeba moja karibu na mzigo wake. Na anayetaka kuokoa mwenzake amtupie kitu cha kushika kwanza, asimpe shingo.

Duke Kahanamoku hakupata ujuzi wake kwenye shule ya gharama. Aliupata kwenye maji ya nyumbani kwao, kutoka kwa watu walioyajua kabla yake, na asubuhi moja ya mwaka wa 1925 watu 8 walirudi kwa familia zao kwa sababu ya ujuzi huo. Sisi pia tuna maji ya nyumbani. Likizo za shule zikifika, watoto wengi watashuka ziwani kama kawaida. Mwenye kujua kuogelea ashuke nao.